Ruzuku Ndogo ya Utafiti Mtambuka wa Mageuko: Tathmini ya Mtu Aliyeipata

Kwa miezi kumi na minane nimekuwa mnufaika wa ruzuku ndogo ambayo chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania huitoa kwa utafiti wa mageuko unaounganisha taaluma zaidi ya moja. Kiwango chake ni shilingi milioni 8 kwa kila mradi, muda wake ni mwaka mmoja unaoweza kuongezwa miezi sita, na sharti lake lisilo na msamaha ni kwamba waombaji wawe wawili au zaidi na watoke katika vitivo tofauti. Chuo chenyewe sitakitaja, kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema si ya kupendeza, na wahusika ni watu ninaopanga nao foleni ya chai saa nne asubuhi. Hata hivyo, mhadhiri yeyote aliyewahi kuomba fedha za ndani za chuo atautambua utaratibu huu, na naamini tathmini hii itamfaa anayefikiria kuomba dirisha litakapofunguliwa tena.

Nianze na jina, maana hapo ndipo wengi walipojikwaa kwanza. Tangazo la mwaka wa kwanza liliandikwa kwa Kiingereza, na tafsiri yake ya Kiswahili ikasema "ruzuku ya utafiti wa mageuzi". Nchini kwetu neno mageuzi lina wenyewe tangu vyama vingi viliporejea mwaka 1992, kwa hiyo sikushangaa mjumbe mmoja wa kamati aliponiambia kwamba maandiko kadhaa waliyopokea yalihusu katiba na serikali za mitaa. Mwaka uliofuata neno likabadilishwa kuwa mageuko, ambalo linabeba vizuri zaidi maana ya viumbe kubadilika kutoka kizazi hadi kizazi. Mimi niliona ni jambo dogo, hadi siku nilipojitambulisha kwa mwenyekiti wa kitongoji kimoja huko Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, nikasema "mageuzi" kwa mazoea, naye akaniuliza kwa upole kama chama chetu kina kibali cha kufanya mkutano.

Fomu ya maombi ndiyo sehemu ya mpango huu iliyotungwa vizuri kuliko zote, na hayo nayasema nikiwa mtu aliyejaza fomu nyingi. Andiko halizidi kurasa tano, bajeti ni jedwali la nusu ukurasa, na kuna muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja ambao mwongozo unataka usomeke na mtu ambaye hakupita chuoni. Uzito wote umewekwa katika swali la tatu: "Ni jambo gani mnalotaka kulijua ambalo hakuna hata mmoja wenu angeweza kulifikia akiwa peke yake?" Mimi ni mwanabiolojia wa samaki, na mwenzangu ni mwanaisimu anayeshughulikia lugha za Kibantu za kandokando ya Ziwa Victoria. Andiko letu la kwanza lilijibu swali hilo kwa aya tatu nzuri ambazo hazikuwa za kweli, kwa sababu ukizisoma kwa makini unaona ni mradi wangu wa samaki, na mwenzangu ametiwa humo kama mkalimani mwenye shahada ya uzamivu. Lilirudishwa baada ya wiki tatu likiwa na maoni ya mstari mmoja pembeni: "Mwanaisimu anauliza nini?" Niliudhika kwa siku mbili hivi, kisha nikatambua kwamba sina jibu.

Jibu lilipatikana mezani, juu ya karanga. Ziwa Victoria lina jamii ya samaki wadogo ambao sisi tunawaita furu, Waluo huwaita fulu, na Waganda nkejje. Spishi zao zinakadiriwa kufikia 500, na karibu zote hazipatikani kwingine popote duniani. Kinachowashangaza wanasayansi ni muda uliotumika: tope lililochimbwa sakafuni mwa ziwa linaonyesha kwamba ziwa lilikauka na kujaa upya yapata miaka 15,000 iliyopita, muda ambao kwa hesabu za mageuko ni jana alasiri. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2017 ulifichua sehemu ya siri hiyo, kwamba koo mbili za furu zilizokuwa zimetengana, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Naili ya juu, zilichanganyika zamani na kuwaachia wazao wao akiba kubwa ya tofauti za kurithi. Kisha akaja sangara, samaki mkubwa anayekula wenzake, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 na kufumka katika miaka ya 1980. Furu, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa tabaka la chini, wakashuka hadi chini ya asilimia 1, na spishi zipatazo 200 hazikuonekana tena. Baadhi yao wamerejea tangu miaka ya 1990.

Hayo yote niliyasema kwa kujiamini kwa mtu aliyeyafundisha miaka kumi. Mwenzangu akatafuna karanga zake, kisha akauliza: "Hizo spishi 200 zilikuwa na majina, au mlizihesabu ninyi tu?" Sikuwa nimewahi kujiuliza. Wataalamu wa lugha wanachora miti ya ukoo wa lugha za Kibantu kwa hesabu za kompyuta zilezile tunazotumia sisi kuchora miti ya ukoo wa viumbe, na nilikuwa nikilijua hilo kama udugu wa mbinu tu, bila kufikiri kwamba lugha na samaki vinaweza kukutana ndani ya besheni moja. Tukaandika upya: je, majina ya furu katika Kikerewe, Kijita na Kikara yanafuata tofauti zilezile ambazo furu wenyewe huzitumia kuchagua wenza, na jina hupotea lini, samaki anapotoweka au mzee anapofariki? Sehemu ya kwanza ya swali ilikuwa yangu, ya pili ilikuwa yake, na hakuna aliyeweza kuijibu yake bila ya mwenzake. Tukapewa ruzuku.

Naomba nikae kidogo kwenye safari zetu mbili za Ukerewe, kwa sababu uzuri na ubaya wa ruzuku hii vyote vilijitokeza huko. Anayefahamu mialo ya Ziwa Victoria anajua kwamba uvuvi wa dagaa hufuata mwezi. Siku za giza wavuvi hutoka na taa, dagaa hukusanyika kwenye mwanga, na alfajiri mitumbwi hurudi na mzigo ambao ndani yake huwemo furu walionaswa pamoja nao. Mbalamwezi ikishang'aa, taa hazifui dafu, nyavu huvutwa ufukoni, na wavuvi hupumzika, hushona nyavu na kuzungumza. Mpango wetu ulikuwa kufika usiku wa mwisho wa giza ili tupate samaki, kisha kubaki wakati wa mbalamwezi ili tupate watu. Tuliuandika hivyo kwenye andiko, tukaeleza na sababu. Barua ya kukubaliwa ilitoka Mei. Masurufu, yaani fedha za safari zinazotolewa mapema na kutolewa hesabu baadaye, yaliidhinishwa Septemba, siku ambayo mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili kuwa mpevu, na kwa kuwa kanuni inataka masurufu yarejeshwe ndani ya siku kumi na nne baada ya tarehe ya safari iliyoandikwa kwenye fomu, hatukuweza kungojea giza jingine. Nilimweleza mhasibu habari ya mwezi. Alinisikiliza vizuri, akaniambia kwamba mfumo hauna sehemu ya kuandika hilo.

Basi tukavuka na kivuko hadi Nansio tukiwa na barua ya Makamu Mkuu wa Chuo, barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, barua ya wilaya, na, badala ya samaki wabichi, sanduku la chupa ishirini na mbili za furu waliohifadhiwa kwenye spiriti katika maabara yetu. Mzee mmoja aliyevua tangu utotoni alitukaribisha, tukamwamkia, akaketi juu ya mtumbwi uliofudikizwa, akazipokea chupa moja baada ya nyingine na kuziinua juani. Wote ndani ya chupa walikuwa na rangi moja ya karatasi kuukuu, kwa sababu spiriti hula rangi. Alipofika chupa ya sita akairudisha. "Mwalimu," alisema, "huyu ameshapauka. Hata mama yake hamjui." Siku nne zilizofuata tulikusanya hadithi nyingi na majina mengi, lakini hakuna jina hata moja ambalo tungeweza kuapa kwamba ni la samaki fulani. Kwa kipimo cha bajeti, nusu ya fedha ilikuwa imekwisha.

Safari ya pili tuliipanga sisi wenyewe, Februari, kwa fedha za awamu ya pili na kiasi kidogo tulichojazia kutoka mifukoni mwetu, nasi tukafika siku za giza. Saa kumi na moja na nusu alfajiri akina mama walikuwa wameshapanga ndoo, dagaa wanamwagwa juu ya chanja, na mikono inatembea ikiwachomoa furu na kuwatupa kwenye besheni la bluu pembeni. Mzee yuleyule akachuchumaa mbele ya besheni lile. Aliwapanga kwa haraka ambayo mimi, mwenye darubini, siwezi: huyu wa mawe, huyu wa matope, huyu wa majani, na ndani ya kila fungu majina ya Kikerewe yanayofuata rangi ya mgongo, rangi ya ubavu, doa la kwenye pezi. Kisha akalisukuma kando fungu kubwa la samaki wa kijivu wasio na rangi, akasema wote hao wana jina moja. Nikamwuliza sababu. "Hao ni wake zao," akasema, kama mtu anayeulizwa kwa nini maji ni maji.

Kwa msomaji asiye wa fani hii, naomba nieleze kwa nini nililazimika kukaa chini. Miongoni mwa furu wamo ndugu wawili maarufu wa visiwa vya miamba vya kusini mwa ziwa, ambao jina lao la kisayansi limechukuliwa kutoka Kiswahili: Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la rangi ya samawati iliyofifia lenye milia, na Pundamilia nyererei, mwenye mgongo mwekundu, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere. Wa samawati hukaa karibu na uso wa maji, mwekundu hukaa chini zaidi, ambako mwanga unaofika una wekundu mwingi. Majike ya pande zote mbili hufanana sana, na kila jike humchagua dume kwa rangi ambayo macho yake yanaiona vizuri. Mwaka 1997, mwanabiolojia Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba pale maji yanapochafuka na mwanga kupungua, majike hayatofautishi tena, na spishi zilizokuwa mbili huanza kuyeyuka zikawa moja. Mwaka 2008 walirejea na ushahidi wa namna macho yenyewe yalivyobadilika kufuata kina. Na hapa, kwenye besheni la bluu, palikuwa na mfumo wa majina uliowatenganisha madume kwa rangi na kuwaacha majike katika kapu moja. Yaani wavuvi walikuwa wakimtazama furu kwa jicho la jike la furu.

Aliyefuata kuketi chini alikuwa mwenzangu. Mzee alimtajia majina mawili ambayo baba yake aliyatumia kwa samaki wawili, na ambayo yeye siku hizi huyatumia ovyo kwa samaki mmoja, "kwa sababu maji yamekuwa chai ya maziwa, na hao nao wamekuwa kitu kimoja." Neno la mzee mmoja halitoshi kuthibitisha kitu, na hatujaandika popote kwamba limethibitisha. Lakini ni swali ambalo sasa linaweza kupimwa, kisiwa kwa kisiwa, kwa kulinganisha majina, vinasaba na uangavu wa maji, na kabla ya alfajiri ile halikuwapo.

Hiyo ndiyo kazi halisi ya ruzuku ndogo, na ndiyo sababu ninaitetea pamoja na kasoro zake. Historia ya taaluma hii katika ukanda wetu imejaa fedha ndogo zilizotoka kabla ya ushahidi. Mwaka 1960 Louis Leakey, mtafiti wa asili ya binadamu, alimtafutia Jane Goodall, aliyetaka kuchunguza sokwe mtu, dola 3,000 kutoka kwa Leighton Wilkie, mfanyabiashara wa zana wa Illinois huko Marekani, zikitosha kumweka Gombe kwa miezi sita. Kabla ya miezi hiyo kwisha alikuwa ameshamwona sokwe mtu akichokoa mchwa kwa jani la nyasi, na wafadhili wakubwa wakafuata. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alikusanya damu mwaka 1949 kandokando ya msafara wa wanafunzi wa Oxford, akaona kwamba chembe za selimundu ni nyingi pwani na karibu na Ziwa Victoria na ni chache nyanda za juu, na mwaka 1954 akachapisha maelezo yake kwamba anayerithi tatizo hilo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Hapo kuna tiba, jiografia, mbu na nadharia ya uteuzi wa asili katika hoja moja, na sidhani kama kitivo kimoja kingeidhinisha jambo hilo kwa urahisi. Hata wazo la kuwaketisha watu wa vitivo mbalimbali chini ya mwavuli wa mageuko si geni: Chuo Kikuu cha Binghamton, katika jimbo la New York, kilianzisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 programu ya EvoS chini ya mwanabiolojia David Sloan Wilson, ikiwachanganya wanafunzi wa biolojia na wale wa saikolojia, anthropolojia na fasihi.

Tofauti ni kwamba sisi tumeichukua mbegu na kuipanda katika chungu cha mwembe mkubwa. Masharti ya kusimamia milioni 8 katika chuo chetu ni yaleyale ya kusimamia bilioni moja. Chuo hukata asilimia 10 ya gharama za uendeshaji kabla fedha haijaingia kwenye akaunti ya mradi, kwa hiyo milioni 8 ni milioni 7.2 kabla hujanunua hata kalamu. Tangazo halikusema hivyo, na mwongozo unalitaja katika kiambatisho cha mwisho. Lita tano za spiriti safi ya maabara zilipitia idara ya manunuzi kwa wiki saba, na zilifika siku tulipokuwa kivukoni tukirudi. Kila malipo yanataka risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Sina ugomvi na kodi, ila naomba yeyote aliyeliandika sharti hilo afike mwaloni saa kumi na moja alfajiri amwombe nahodha wa mtumbwi risiti ya mashine. Tulimpa nahodha fomu ya kukiri malipo, akaweka dole gumba, mtendaji wa kijiji akagonga muhuri, na bado hati ilirudishwa mara mbili, mara ya pili kwa sababu muhuri ulikuwa umegusa tarakimu. Nilitumia siku kumi na moja za kazi kurejesha masurufu ya safari ya siku sita. Nilizihesabu.

Taarifa ya mwisho nayo ina kurasa kumi na nne za kujaza, karibu mara tatu ya urefu wa andiko, na kati ya hizo ni moja tu inayouliza mmejifunza nini. Zilizobaki zinauliza idadi: machapisho, wanafunzi, mikutano, "wanufaika waliofikiwa". Sikujua nimwandike vipi mzee wa besheni. Mwenzangu alishauri tumwandike kama mtaalamu elekezi, na tukafanya hivyo, na kisanduku cha ada yake kikatuletea maswali mengine kutoka kwa mhasibu.

Kuna jambo jingine ambalo halina fomu. Ruzuku inalipia usafiri, posho, vifaa na uchapaji, lakini hailipii muda wa watu wa taaluma mbili kuelewana. Kwetu sisi muda huo ulikuwa miezi mitatu ya Ijumaa jioni. Mimi nikisema "spishi" nilimaanisha kundi linalozaliana lenyewe kwa lenyewe. Yeye alisikia "aina". Yeye akisema "neno limekopwa" nilidhani litarudishwa. Miradi miwili ya wenzetu waliopewa ruzuku pamoja nasi ilivunjika katika hatua hiyo hasa, na nijuavyo, kila mmoja alimaliza fungu lake kivyake na taarifa zikaunganishwa kwa klipu. Kamati ingeweza kutenga laki tano tu za kikao cha siku mbili cha mwanzo, nje ya chuo, simu zimezimwa. Nimelipendekeza kwa maandishi.

Mwombaji mwenye macho ataiweka ruzuku hii mahali pake karibu na nyingine. Wenner-Gren, iliyoanzishwa mwaka 1941, na Leakey Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1968, zote taasisi za ufadhili za Marekani, hutoa kiasi kikubwa zaidi kwa utafiti wa asili na maisha ya binadamu, na Wenner-Gren haikubali taasisi ikate gharama za uendeshaji. Leakey Foundation ina pia ufadhili wa Baldwin, wa tangu mwaka 1978, unaowasomesha watafiti kutoka nchi zenye utajiri wa masalia lakini zenye nafasi chache za masomo ya juu, na Watanzania, Wakenya na Waethiopia wanapaswa kuufahamu kuliko wanavyoufahamu sasa. Lakini wafadhili hao wanashindaniwa na dunia nzima, wanajikita katika binadamu na jamaa zake, na wanataka swali lililokomaa. Swali letu la furu na majina lisingefika hata mlangoni kwao, kwanza kwa sababu ni la samaki, pili kwa sababu lilikuwa bado bichi. Ruzuku ya chuo inapokea ubichi. Kamati yetu, na hapa naisifu bila kusita, ilikuwa na mwanahistoria, daktari, mwanajiolojia na mtu wa fasihi, na maoni yao yalionyesha kwamba walisoma. Mwanajiolojia ndiye aliyetutaka tupime uangavu wa maji kwa sahani nyeupe ya kamba, kifaa cha bei ya chakula cha mchana, ambacho mimi mwenye fani nilikuwa nimekisahau.

Kwa nani basi? Ningemshauri mhadhiri kijana mwenye rafiki wa kitivo kingine, si mwenye jina la mtu wa kitivo kingine. Ningemshauri anayehitaji data ya majaribio ya kuombea fedha kubwa. Nisingemshauri mwanafunzi wa uzamivu anayetegemea ruzuku hii imalizie tasnifu, kwa sababu ratiba ya malipo haitamsubiri, wala anayetaka kusoma vinasaba vya sampuli nyingi, kwa kuwa bei ya maabara itaumeza mradi mzima katika wiki moja. Mwombaji aandike kwenye bajeti milioni 7.2 tangu mwanzo. Kama kazi yake inafuata mwezi, mvua au msimu wa mavuno, aombe awamu ya kwanza itolewe kwa barua maalumu, maana nimeambiwa baadaye kwamba barua hiyo ipo na hutolewa kwa anayeijua. Anunue spiriti mapema. Achukue risiti hata ya maandazi.

Kwa nyota tano ningeipa tatu na nusu: tano kwa swali la tatu na kwa kamati, mbili kwa kila kinachotokea baada ya barua ya kukubaliwa.

Mwishoni mwa mradi tulibakiwa na shilingi 140,000, tukaomba zitumike kuchapisha bango la picha za furu wa rangi kamili, kila mmoja na jina lake la Kikerewe, Kijita na Kikara, ili tulirudishe kwa waliotufundisha. Tulijibiwa kwamba kifungu cha uchapaji ni cha taarifa tu, na fedha ikarudi chuoni. Tukachanga wenyewe, tukachapisha mabango sitini, tukayapeleka kwa basi na kivuko. Moja limebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kikundi cha usimamizi wa uvuvi katika mwalo ule. Mwezi uliopita mwenzangu alitumiwa picha yake kwa simu: mtu amekata kwa wino jina la samaki wa kumi na nne na kuandika jingine juu yake, kwa herufi kubwa. Mwenzangu anasema aliyeandika yuko sahihi.